Asante kwa Chakula, Janelle

Basi la Bergen lilikuwa limeshaingia foleni ya kivuko, na sanduku la Janelle limeshatupwa kwenye buti pamoja na mizigo ya wengine, alipogeukia dirisha akaiona Volvo ya kijani ya kina Torgeir, mchumba wake, ikisimama magari machache nyuma yao.

Moyo ukamruka. Wiki nzima alikuwa ameubana kama mtu anavyobana mlango dhidi ya upepo, na sasa ukafunguka wenyewe. Amekuja, akajisemea. Jamani, amenifuata.

Hapo hapo akajikasirikia kwa kufurahi.

"We abiria wangu wa kiti cha nne," dereva Asbjørn akapaza sauti akimtazama kwenye kioo, "hilo sanduku lako lina pilipili kiasi gani? Nataka kujua tu. Basi likishika moto mlimani, nijue nimlaumu nani."

Watu wakacheka kwa chini, nyuso zimezama kwenye kola za makoti. Watu wa bonde lile hawachekani usoni. Wanachekea shingoni, kisha wanakuuliza hali ya hewa.

"Lina nguo, Asbjørn," Janelle akajibu. "Na wewe endesha, usije ukatuzamisha."

"Haya, haya. Nimekoma."

Utani wenyewe haukuwa na ubaya. Ubaya ni kwamba ulikuwa wa wiki nzima. Alitaniwa dukani. Alitaniwa kanisani na watu wasiotania kanisani. Kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akifanya kazi, msimamizi wake alimwita pembeni akamwambia kwa upole kabisa kwamba Jumatano ya mchezo wa bingo asijisumbue kuleta chochote, wazee watakula biskuti za dukani, wana matumbo mepesi. Miaka mitatu alikuwa akiwaokea keki wale wazee. Miaka mitatu! Ikafutwa kwa sahani moja ambayo hakuipika yeye.

Na aliyeipika anajua. Na amenyamaza.

Kivuko kikafungua mdomo, magari yakaingia moja moja. Abiria wa basi wakashuka, wakapanda ngazi kwenda juu kwenye mkahawa, na Janelle akapanda nao. Akachagua meza ya dirishani, mbali na watu, jambo ambalo kule si gumu kwa sababu kila mtu huchagua meza iliyo mbali na watu. Ghuba ilikuwa ya kijivu, milima imeingia mawinguni hadi kiunoni. Akasikia viatu vya Torgeir kwenye ngazi kabla hajamwona. Miguu ile angeitambua hata kwenye ndoto.

Akaingia na sweta lake la kazini lenye manyoya ya kondoo kwenye mikono, kichwa wazi, nywele za rangi ya majani makavu zimelowa mvua. Macho yake yakazunguka mkahawa, yakamkuta. Yakatulia pale. Macho yale ya kijivu ndiyo yaliyomtoa Janelle katika Nebraska, Marekani, kwenye mashamba ya mahindi yasiyo na hata kichuguu, yakamleta kuishi kwenye bonde ambalo jua la majira ya baridi halifiki dirishani. Alihisi mikono yake ikitaka kunyanyuka imshike. Akaikalia.

"Janelle," akasema, akasimama tu. "Unakwenda wapi?"

"Bergen."

"Kufanya nini?"

Akamtazama. Kuna kitu katika lile swali hakikukaa sawa.

"Torgeir, umenifuata au hukunifuata?"

Akajikuna shingo. "Nilidhani uko kazini."

"Basi uko hapa kufanya nini?"

"Nampeleka mama kwa daktari wa meno."

Ingekuwa afadhali angemmwagia maji ya baridi usoni. Janelle akacheka, kicheko kikavu kilichomfanya mama mmoja wa meza ya mbali ainue gazeti lake juu zaidi.

"Kwa daktari wa meno," akasema. "Mimi nimefungasha nguo zangu asubuhi hii, nimepita mbele ya zizi lenu na sanduku, na wewe ulikuwa unatafuta funguo za gari umpeleke mama yako kwa daktari wa meno."

"Sikukuona ukipita."

"Huoni, Torgeir. Hiyo ndiyo kazi yako. Kutokuona."

Torgeir akavuta kiti, akakaa kabla hajakaribishwa. Harufu yake ya sufu na sabuni ya kijani ikavuka meza, na Janelle akageuza uso dirishani ili isimwingie vizuri.

"Ni ile habari ya chakula," Torgeir akasema.

"Si habari ya chakula!"

Lakini mwanzoni ilikuwa ya chakula. Nchi ile nzima hula taco, vichapati vya kukunja vyenye nyama ya kusaga, siku ya Ijumaa, kuanzia mfalme hadi mchunga mbuzi, na Janelle alipofika aliona ajabu na faraja: hawa watu na kwetu tumekutana sahanini! Kisha akaonja. Bizari ya pakiti ya maduka ya kule ilikuwa tamu kama peremende, na juu yake wanamwaga matango na mahindi ya kopo na malai chachu, mpaka nyama inasahau ilikotoka. Kwao Nebraska mama yake alipika taco Jumanne, kwa pakiti ya dukani vile vile. Si chakula cha ukoo, wala hakikurithiwa kwa bibi yeyote. Ni vumbi la kiwandani, nyama ya kusaga na jibini ya njano. Lakini ndivyo ladha ya nyumbani ilivyo, haichagui ukoo. Ukiikosa, unaikosa.

Mama yake mdogo Lorraine alikuwa akimtumia pakiti zile ndani ya soksi za Krismasi. Nyonga ilipomharibikia Lorraine, safari za posta zikakoma, na soksi zikakoma. Ndipo Janelle akaanza kutengeneza mwenyewe. Bizari nyembamba aliipata kwa Msyria aliyefungua duka ng'ambo ya ghuba. Akaikaanga kavu, akaitwanga. Akatia oregano, unga wa kitunguu maji, kitunguu saumu, paprika, chumvi, na unga kidogo wa mahindi wa kushikisha. Mara ya kwanza ilitoka kama dawa ya minyoo. Akamwaga, akaanza tena.

Torgeir ndiye aliyekuwa mwonjaji. Alifumba macho jikoni, akafungua mdomo kama ndege, Janelle akamtia kijiko.

"Karibu," alikuwa akisema.

"Karibu na nini, wewe? Hujawahi kula ya kwetu hata siku moja!"

"Naangalia uso wako. Leo umekaribia kutabasamu."

Mwanamke gani asingempenda mwanamume huyo? Alimpenda mpaka akaogopa.

Lakini kuna jambo moja ambalo hakumwambia, kwa sababu halikumjia kwamba ni la kuambiwa. Kwao Nebraska, unga wa pilipili unaouzwa kwenye chupa si pilipili tupu. Kiwanda kimeshauchanganya na bizari nyembamba, na kitunguu saumu, na oregano, na pilipili yenyewe humo ndani ni ya kusalimia tu. Mtu hutia vijiko na vijiko bila wasiwasi. Kwa kina Torgeir, chupa ikiandikwa pilipili, ndani mna pilipili. Kavu, nyekundu, ya kusagwa, na hakuna rafiki yake. Janelle aliligundua hilo mwaka wake wa kwanza, akashinda jioni nzima ulimi umo kwenye glasi ya maziwa. Toka hapo alikuwa akitia kwa ncha ya kisu.

Ikafika siku ya kuwashusha kondoo mlimani. Siku hiyo majirani wote hupanda pamoja, hushinda wakikimbizana na mifugo kwenye mawe na ukungu, na jioni nyumba yenye kondoo huwalisha. Kwa kawaida ni nyama ya kondoo na kabichi. Torgeir akatangaza kwamba mwaka huu wataila taco ya Janelle, ile ya kwao hasa, ili watu wajue mke wake mtarajiwa anatoka wapi. Janelle alikuwa apike. Kumbe zamu ikarefuka, mwenzake kaugua, mzee mmoja kaanguka. Torgeir, badala ya kumpigia simu, akampigia Lorraine kule Nebraska. Alitaka kumshtukiza mpenzi wake, akute kila kitu tayari.

"Vijiko vitano vya unga wa pilipili, mwanangu," Lorraine alimwambia, "vile vikubwa. Na usiogope."

Hakuogopa. Alitia vitano.

Janelle alipofungua mlango jioni ile, alidhani kuna msiba. Meza ndefu imejaa watu wazima, wanaume wa milimani wenye mikono kama majembe, na wote machozi yanawatiririka. Hakuna aliyesema neno. Wanakula. Kule mtu hasemi chakula cha mwenyeji ni kibaya. Anakimaliza, kisha anashukuru. Mzee Nils, jirani yao, alikuwa mwekundu mpaka kwenye kipara, anatafuna, anahema, anatafuna. Janelle akachovya kidole kwenye sufuria, akaonja, akajua mara moja kilichotokea. Akageuka kumtazama Torgeir.

Borghild, mama yake Torgeir, akasimama kwenye ncha ya meza. Akajifuta macho kwa kitambaa, taratibu, kona moja kisha kona ya pili.

"Asante kwa chakula, Janelle," akasema.

Na meza nzima, kama kwaya, kwa sauti zilizokauka: "Asante kwa chakula, Janelle."

Torgeir alitazama sahani yake.

Hilo ndilo lililomwondoa. Wala si pilipili.

"Si habari ya chakula," Janelle akarudia sasa kwenye kivuko, sauti imeshuka. Injini ilikuwa inatetemesha vikombe mezani. "Wewe ulikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Nimepika mimi. Basi. Wangecheka, wangekutania mpaka Krismasi, yangekwisha. Maneno mawili, Torgeir!"

"Watu walikuwa wameshashukuru."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ningesemaje? Mama ameshasimama, watu wameshashukuru. Kuanza kusahihisha mbele za watu..."

"Ulimwonea haya nani? Mimi nilisimama mlangoni na koti la kazini, nanuka dawa za wazee, nimetukanwa kwa heshima na meza nzima, na wewe unahesabu mahindi kwenye sahani!"

"Nilijua utanielewa."

"Usiku ule nilikungoja useme. Nikasema labda kesho. Jumapili ukakaa na Nils nje ya kanisa, nikasema sasa anamwambia. Mlikuwa mnazungumza habari gani?"

Torgeir akatazama meza.

"Habari gani?"

"Matairi."

"Matairi!" Janelle akapiga meza, na mama wa gazeti akaacha kujifanya anasoma. "Unajua Lorraine alinipigia simu? Analia. Anadhani ameua mtu. Ananiambia, mwanangu, yule kijana alikuwa na furaha kwenye simu, alikuwa anaandika kila kitu, aliniuliza mara mbili oregano ni nini. Anakupenda yule, akaniambia. Nikamwambia najua ananipenda, mama mdogo. Sijui kama ana mdomo."

Torgeir akanyoosha mkono juu ya meza. Vidole vyake vilikuwa na mikwaruzo ya waya wa zizi, na kimoja kina plasta. Janelle alivitazama. Ile plasta ni yeye aliyemfunga. Kila sehemu ya mwili wake ilitaka kuushika ule mkono, na alijua akiushika tu basi amerudi, amepanda Volvo, ameketi kiti cha nyuma, mbele kakaa mama mkwe.

"Usiniguse," akasema. "Ukinigusa nitasahau."

"Basi sahau. Tafadhali."

"Hapana. Nikisahau hili, utanipa la pili. Tutazaa, mtoto atavunja dirisha la jirani, utatazama sahani. Mama yako atanisema jikoni kwake, utatazama sahani. Mimi sina mtu mwingine katika nchi hii, Torgeir. Wewe ndiye ukoo wangu wote. Ukinyamaza wewe, basi nimenyamaziwa na ukoo mzima."

Macho ya Torgeir yakajaa. Safari hii haikuwa pilipili.

"Kumbe mko huku," sauti ikasema.

Borghild alikuwa amesimama na trei yake: kahawa, na zile chapati nene za kwenye kivuko zenye jibini ya kahawia. Mwanamke mrefu, mgongo umenyooka, mkufu wa fedha juu ya sweta la bluu. Shavu moja lilikuwa limevimba kidogo kwa jino. Akaweka trei kwenye meza yao, akakaa kando ya mwanawe.

"Nimeona sanduku kwenye buti la basi wakati Asbjørn amelifungua tena kupanga mizigo," akasema. "Ni lako?"

"Langu, Borghild."

"Unakwenda siku ngapi?"

"Sirudi."

Borghild akakata kipande cha chapati, akatafuna kwa upande wa jino zima. "Ni mbali, Bergen," akasema, kama anayezungumzia mvua.

Janelle akamtazama Torgeir. Hakumkonyeza wala hakumsukuma. Alimtazama tu. Kivuko kilikuwa katikati ya ghuba, hakuna pa kukimbilia, labda kujitupa majini. Torgeir akakunja ngumi, akakunjua. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Kwenye meza nyingine watu walikuwa wanasikiliza kwa nguvu zao zote.

"Mama," akasema.

"Mm."

"Nilipika mimi."

"Ulipika nini?"

"Siku ya kondoo. Janelle hakuwepo. Nilipika mimi, nilitia pilipili mimi, yeye alikuta tumeshakula. Nilimwacha asemwe." Sauti ikampasuka, akainyanyua zaidi, mpaka muuza kahawa akasimama na jagi mkononi. "Wiki nzima nimemwacha asemwe! Mimi!"

Borghild akameza. Akanywa kahawa. Akaweka kikombe chini.

"Najua," akasema.

Janelle alidhani hakusikia vizuri. "Unajua?"

"Tangu nilipoingia jikoni kutafuta maji. Wewe ukipika kwangu unafuta jiko. Kila mara. Nimekuchungulia miaka hii yote nipate kosa, sijapata. Siku ile mafuta yalikuwa mpaka ukutani, na vijiko vyote vichafu vimetupwa kwenye beseni kama zana za trekta. Hiyo ni kazi ya mwanamume. Ni kazi ya huyu." Akamwonyesha mwanawe kwa uma.

"Ulijua, na ukasimama ukanishukuru mimi?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wote?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?" Janelle alikuwa amesimama bila kujijua. "Nilikufanyia nini, mama wee? Nilikukosea nini?"

Borghild hakukwepa macho yake. Hilo moja Janelle alimkubalia. "Nilitaka nione kama mwanangu ana mdomo," akasema. "Namwachia shamba la baba yake, na mtu asiyeweza kusema nimekosa hawezi kushika shamba. Majirani watamla. Nikampa nafasi. Nikashukuru kwa sauti, polepole, ili apate muda wa kusema. Akatazama sahani."

"Na mimi? Mimi nilikuwa fimbo ya kumpimia?"

"Na nilitaka uondoke," Borghild akasema. "Yote mawili. Siwezi kukudanganya, nimeshachoka. Mtaoana, utamkumbuka mama yako mdogo, utaikumbuka hewa ya kwenu, na siku moja utamchukua huyu umpeleke huko kwenye mahindi, na mlima wote ule ubaki na mimi na mbwa. Nimeona kwa wengine."

"Mama!" Torgeir akasema.

"Wewe nyamaza. Ulinyamaza ulipotakiwa kusema, sasa nyamaza vizuri."

"Sinyamazi!" Akasukuma kiti, kikaanguka. Hakuna aliyewahi kumsikia Torgeir akipaza sauti hata kwa kondoo. "Sinyamazi tena! Umemdhalilisha mtu asiye na kosa ili unipime mimi? Ungenipiga mimi! Ungeniita bandani ukanitukana! Yeye anawaosha wazee wa bonde lile kila siku, anawalisha kwa kijiko, na leo wanaogopa keki yake!"

"Sasa umepata mdomo," Borghild akasema. "Pole, umechelewa kidogo."

Kwa mara ya kwanza Janelle na yule mwanamke walikubaliana jambo, na hilo likamuuma kuliko yote.

Kipaza sauti kikakwaruza juu ya vichwa vyao: wenye magari na abiria wa mabasi washuke chini. Janelle akachukua koti lake. Torgeir akamfuata kwenye ngazi ya chuma, akamshika kiwiko kwenye kona, mahali penye harufu ya dizeli na chumvi.

"Nimesema," akamwambia, anahema. "Umesikia, nimesema. Mbele ya watu."

"Mbele ya watu gani? Mama wa gazeti? Muuza kahawa?" Janelle akageuka, machozi yamemshinda, na aliyachukia machozi yenyewe. "Hawa hawakula kwako, Torgeir. Hawa hawakuniita mpika pilipili dukani. Mama yako alikuwa anajua tayari, kwa hiyo hata yeye hujamwambia kitu."

"Basi nifanye nini? Niambie, nitafanya. Sasa hivi nitafanya."

"Usiniambie nikwambie! Ndicho ninachokikimbia hicho. Mimi nikuambie sema, mama yako akuambie nyamaza, wewe mwenyewe uko wapi?"

Walikuwa karibu sana, uso kwa uso, kama walivyokuwa siku za kuonja jikoni. Aliinama kidogo. Janelle hakurudi nyuma. Wakabaki hivyo, pumzi moja, na hakuna aliyembusu mwenzake.

"Nakupenda," Torgeir akasema.

"Najua," Janelle akasema. "Ungekuwa hunipendi ningeshalala usingizi wiki hii."

Asbjørn akapiga honi mara mbili. Janelle akapanda basi. Dereva alimtazama kwenye kioo, akafungua mdomo, akaona uso wake, akaufunga. Lango la kivuko likashuka kwa kishindo, magari yakaanza kutoka. Kupitia dirisha la nyuma Janelle aliiona Volvo ya kijani imebaki mahali pake, mlango wa dereva wazi, magari ya nyuma yanaizunguka yakilalamika kwa honi, na Borghild ameketi kiti cha mbele, mkoba mapajani, anatazama mbele.

Hakugeuka tena.

Jumamosi ile Torgeir alianza na mzee Nils, akapita nyumba zote zilizopanda mlimani siku ya kondoo, mlango kwa mlango, akasema aliyepika ni yeye na aliyenyamaza ni yeye. Watu wa bonde lile hawapendi kuambiwa mambo kama hayo wakiwa mlangoni. Walimpa kahawa na kutazama viatu vyao. Nils peke yake ndiye aliyemwuliza kwa nini hakusema siku ile, na Torgeir akamwambia aliogopa kuchekwa.

Janelle alipata kazi kwenye nyumba ya wazee ya Bergen na chumba kwenye nyumba ya mwalimu mstaafu. Msimamizi wake wa zamani alimpigia simu kumwomba radhi. Hakurudi. Torgeir alikwenda kumtafuta mwezi wa Februari, na Janelle hakumfungulia mlango. Alikwenda tena Aprili, akamfungulia.

Shamba alilichukua dada yake Torgeir, Ragnfrid, ambaye hakuna aliyemfikiria, na kondoo wakaongezeka. Torgeir alipata kazi ya kutengeneza vivuko kwenye bandari ya Bergen. Walifunga ndoa kwenye ofisi ya manispaa, watu wachache. Borghild alikuja, akakaa kiti cha nyuma, akaondoka kabla ya chakula. Hakuwahi kuomba msamaha, na Janelle hakuwahi kumdai. Miaka ya mwisho walikuwa wakizungumza kwa simu Jumapili, habari za mvua na za mtoto aliyezaliwa kwao.

Lorraine alipona nyonga, akaja mara moja kuwatembelea, akasema mvua ya kule imezidi, akarudi Nebraska. Asbjørn alistaafu. Mama wa gazeti hajulikani alikoishia.

Torgeir bado ni mtu wa maneno machache. Lakini kikivunjika kikombe jikoni, hutoka mwenyewe mpaka sebuleni, hata kama kuna wageni, akasema ni yeye.